Nani Aanze na Bukuru

Kasulu, Jumapili alasiri

Mwanangu Yeremia,

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua nimekuzidi miaka miwili tu, na msichana wa miaka kumi na tisa hawezi kuwa na mtoto anayeinama kupita mlangoni. Lakini tangu mama afariki, shule ikitaka mzazi wako huitwa mimi, na ulipougua malaria mwaka juzi uliniita mama siku mbili nzima, ulipopona ukakataa katakata. Basi leo nakuita nitakavyo. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, na baba yuko Mpanda na kazi yake, kwa hiyo maneno ya mzazi ni lazima yatoke kwangu.

Sikuandikii habari za kufua soksi wala kunywa maji yaliyochemshwa. Hayo nimeyasema mpaka umeyachoka. Umeenda kuaga wenzako, nyumba imetulia, nami nina jambo moja ambalo nimejaribu kukuambia tangu Alhamisi nikashindwa kila mara. Ni habari ya ile mechi ambayo kocha wa Dar alikuona. Uliyeanza uwanjani ni wewe. Hukupaswa kuanza wewe, na mimi nilijua.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, tulipokuwa bado Kibondo.

Unakumbuka ile suruali ya darasa la sita. Nilikuwa nimeishusha pindo mara tatu, hakukuwa tena na kitambaa cha kushusha, na wewe ulikuwa unaendelea kurefuka kana kwamba umetumwa. Nilikugombeza, nikakuambia uache kurefuka. Siku moja wakakurudisha nyumbani kwamba hujavaa sare kamili. Asubuhi iliyofuata nilivaa vizuri, nikaenda kumweleza mwalimu mkuu kwamba mama amefariki na baba bado hajatuma kitu. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nilimsikia ndani anaongea na mtu. Nikasimama, nikahesabu misumari ya mlango, nikageuka nikarudi nyumbani. Nikakudanganya kwamba hakuwepo. Ulikaa nyumbani siku tisa, mpaka jirani yetu mwenye cherehani alipokwenda kusema kwa niaba yetu, na mwalimu akamjibu kwamba angeambiwa siku ile ile angeruhusu.

Lakini siku hizo tisa ulishinda uwanja wa parokia, kwenye lile goli lenye pete iliyopinda, na ndipo ulipoujua mpira wa kikapu. Watu wakawa wanasema ni bahati kwamba ulifukuzwa shule. Na mimi, Yere, nikajifunza somo baya kabisa. Nikaamini kwamba kunyamaza kwangu kunaweza kukufaa.

Tulipohamia Kasulu na wewe ukaingia kwenye timu ya Mwalimu Hezroni, nilikuwa nakuja uwanjani kukusubiri. Sikuongea na mtu. Nilikuwa na daftari la hesabu lililobaki kurasa, nikaanza kuandika mambo niliyoyaona. Mwalimu Hezroni alilichukua siku moja, akalisoma amesimama, akanirudishia, akasema kuanzia leo mimi ni katibu wa timu. Hakuniuliza kama nataka. Alisema yeye akiwa uwanjani anapiga kelele tu, haoni kitu, na mtu asiyeongea ndiye anayeona.

Kazi yangu nyingine unaijua, ila sina hakika kama umewahi kuifikiria. Timu nyingine hupanga watakaoanza siku ya mechi, hata dakika za mwisho. Sisi tulikuwa tunapanga Jumatano. Sababu ilikuwa Fiston. Fiston anaishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mtu wa kambini hatoki bila kibali, na ili kibali cha Jumamosi kipatikane barua ya timu ilipaswa kufika Alhamisi asubuhi. Mimi ndiye niliyeipeleka Makere, jirani na kambi, alfajiri hiyo, nikampa Papa Zakayo, yule mzee wa kwaya anayekusanya barua za watu wa mtaa wao na kuzifikisha ofisini. Na Mwalimu Hezroni alijiwekea sheria yake: haombi kibali cha mtu atakayekaa benchi. Alisema tukizoea kuomba ovyo, siku tukiwa na haja ya kweli hawatatusikiliza. Kwa hiyo kila Jumatano, baada ya mazoezi, yeye na mimi tulikaa kwenye ngazi za uwanja, na swali lilikuwa moja tu. Chini ya goli kuna nafasi mbili na warefu ni watatu. Bukuru ni lazima. Nani aanze na Bukuru?

Wewe ulikuwa unaona kwamba jibu ni wewe, na sikulaumu. Ukiruka watu wanasimama. Ribaundi zako kwenye daftari, mipira unayodaka ikikosa goli, ni nyingi kuliko za Fiston, kila mechi unamzidi mbili au tatu. Lakini nilikuwa na safu nyingine ambayo sikuwahi kukuonyesha. Niliandika pia nani alimsukuma mpinzani kwa mgongo akamweka mbali na goli ili mwenzake adake mpira. Niliandika nani alisimama njiani kama nguzo ili mwenzake apite na kufunga. Kwenye safu hiyo Fiston alijaza mstari mzima na wewe ulikuwa na alama mbili, tatu, siku nyingine hakuna. Fiston haruki sana. Mpira ukiwa bado hewani yeye ameshafika unapoangukia. Akianza yeye, Bukuru anacheza kama kijana. Ukianza wewe, Bukuru anafanya kazi ya watu wawili, na ana miaka thelathini na sita, na kutoka kwao Munanila anakuja amebanana kwenye lori la maharage. Ndiyo maana alikuwa anakutania, "Dogo, unaruka kama mchuma parachichi. Shuka basi, mpira uko huku chini." Ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nasikia kwamba amechoka.

Juma lile la mgeni wa Dar, Mwalimu Hezroni alikuja kukaa karibu yangu na wasiwasi wake wote. Alikuwa ameambiwa kwamba kocha wa timu ya kulipwa anapita Kigoma kutafuta warefu, na Jumamosi atakuwa uwanjani kwetu. Hakuwaambia ninyi wachezaji, alihofia mtacheza kila mtu peke yake. Aliniambia mimi. Akauliza kama kawaida, nani aanze na Bukuru.

Daftari lilikuwa limefunguliwa magotini kwangu. Nililijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Akangoja. Kisha akacheka kidogo, kwa upole, akasema, "Naelewa, binti yangu. Unaona ni Yeremia, ila unaona haya kumtaja kwa sababu ni ndugu yako."

Na mimi nikainamisha kichwa.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua maana yake. Msichana akiulizwa na mkubwa akainama, amekubali. Hakuna aliyehitaji kusikia sauti yangu. Mwalimu Hezroni alifunga kalamu yake, akasema basi wiki hii hatuna barua ya kupeleka Makere. Nilirudi nyumbani nikapika, ukala, ukaniuliza mbona nimetulia hivyo. Nikasema nimechoka. Nilijiambia sijasema uongo. Sijasema kitu chochote. Usiku nililala vizuri, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Jumamosi ulicheza vizuri, sitaki nikuondolee hilo. Tulifungwa kwa vikapu vitatu, lakini mgeni hakuja kutazama matokeo. Alitazama urefu wako na miguu yako na umri wako. Mwisho wa mchezo Bukuru alikuja kukaa karibu na ndoo ya maji, goti limevimba kama boga changa. Aliniuliza daftari limeandika nini leo. Nikalifunga. Akasema, "Haya. Goti langu limeshaandika." Akachukua maji akaondoka. Mpaka sasa hatujaongea tena zaidi ya salamu.

Fiston alikuja mechi iliyofuata, kibali kikiwa mfukoni. Aliniita pembeni. Anavyoniita yaya, yaani dada, kana kwamba mimi ni mkubwa kwake, huwa naona aibu, maana ananizidi. Akaniuliza, "Yaya, ile barua ya juma lile uliileta ao hapana?" Alikuwa anauliza tu, hakuwa na hasira na mimi. Kumbe Ijumaa nzima alishinda karibu na nyumba ya Papa Zakayo akisubiri, ameshafunga viatu vyake kwenye mfuko. Papa Zakayo alimwambia hakuna barua iliyokuja, naye hakuamini.

Nikaitikia kwa kichwa. Kwamba niliileta.

Unaona jinsi ilivyo rahisi. Sikufungua mdomo hata siku hiyo.

Sasa kuna la pili, na hili linakuhusu wewe zaidi yangu. Siku ya mechi ile, yule mgeni alipomaliza kuzungumza na Mwalimu Hezroni alikuja kwako. Nilikuwa nyuma yenu hatua mbili na vikombe. Alikusifu, akakuuliza unasoma kidato cha ngapi, halafu akakuuliza swali jepesi, kama huku kwetu kuna mrefu mwingine anayejua kazi ya chini ya goli, maana anahitaji wawili. Ulijifuta jasho. Ukasema, "Hakuna, kocha. Ni mimi na mzee Bukuru tu."

Kisha ukageuka ukaniona. Nikashusha macho, nikajifanya nahesabu vikombe.

Sikukugombeza siku hiyo wala siku zilizofuata. Ningekugombeza kwa mdomo gani? Ulifanya nilichofanya mimi siku tatu kabla yake, ila wewe angalau ulitamka. Umekua ukinitazama mimi. Ulipokuwa mdogo nilifikiri unaona chakula ninachokupikia na nguo ninazokufulia. Kumbe ulikuwa unaona pia jinsi ninavyogeuka mlangoni kwa watu.

Ulipoitwa Dar nilifurahi, nakuapia. Watakulipa na shule watakuweka, na sisi hatujawahi kuwa na ndugu aliyeitwa mahali. Lakini wiki iliyopita ulinisomea ujumbe wa kocha wako kwenye simu, ukasema huko warefu ni wanne na nafasi ni mbili, na bado anatafuta wa tano kwa sababu hajaridhika. Ulisoma hilo haraka haraka ukaenda kwenye jingine. Mimi sikuweza kwenda kwenye jingine.

Jana nilikwenda Makere. Nilikuambia nafuata mihogo, na mihogo nilileta, lakini nilikwenda kumtafuta Fiston. Siku za gulio, ambapo watu wa kambini huruhusiwa kufika hapo bila kibali, ananyoa watu nywele, ana kioo amekitundika kwenye kijiti. Nilimkuta ana kichwa cha mtu mkononi, kimenyolewa nusu. Nikamwambia pale pale, mbele ya mwenye kichwa, kwa sababu nilijua nikisubiri amalize nitaondoka. Nilimwambia barua haikuchelewa na haikupotea, haikuandikwa. Niliulizwa nani anafaa kuanza, nikajua ni wewe Fiston, nikanyamaza kwa ajili ya ndugu yangu. Na uliponiuliza nikakudanganya.

Alimaliza kile kichwa. Alikifuta vizuri, akamtikisia mteja kitambaa, akamuaga. Mimi nimesimama tu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo. "Basi Papa Zakayo hakukosa kitu." Akaeleza kwamba ni miezi miwili hamsalimii yule mzee. Aliamini aliificha barua kwa makusudi, kwa sababu waliwahi kuvutana juu ya nyimbo za kwaya. Ameacha kuimba. Na kuna watu wengine kambini wamemfuata, nao hawampi tena yule mzee barua zao, wanasema hafai kuaminiwa.

Yere, mimi nilikuwa nimemhesabu Fiston peke yake. Nilikuwa nafikiri nimemdhulumu mtu mmoja mechi moja.

Fiston akasema twende kwa mzee, nikamwambie mimi mwenyewe, kwa sababu yeye akimwambia, mzee ataona ni hila za mtu anayetafuta kupatana. Papa Zakayo alikuwa anauza dagaa upande wa pili wa gulio, na wanawake walikuwa wamejaa mbele yake. Nilipiga magoti nikapiga makofi kama mama alivyotufundisha, nikamsalimu kwa Kiha, mwidiwe, naye akaniitikia ingawa si lugha yake. Halafu nikasema yote. Sauti yangu ilitoka kubwa kupita nilivyotaka. Wanawake waliacha kuchagua dagaa. Mmoja aliuliza wenzake kwa Kiha huyu binti ni wa nani, na mwingine akasema ni dada wa yule mrefu.

Mzee hakunikaripia. Alinyoosha mkono akashikana na Fiston, wakashikana muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, "Mama, na ndugu yako anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi haujamaliza," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Fiston alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumuuliza. Aliuliza unaondoka lini. Nilipomwambia ni Jumatatu, alitembea kidogo, halafu akasema, "Umuambie aache kuruka mbele mpira haijagusa chuma. Anaruka mapema. Huko bale watu watamuona." Akarudi kwenye kioo chake. Nimekuandikia kama alivyosema, ni lako, chukua.

Leo baada ya ibada nilimwona pia Mwalimu Hezroni. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema kosa ni lake, kwamba alisikia alichotaka kusikia, kwa sababu hata yeye alitaka mtoto wa Kasulu aende. Nilimwambia hapana, mwalimu, nililijua jibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpinga. Amesema kuanzia sasa jina la Fiston litaombewa kibali kila wiki, aanze asianze.

Hayo ni yangu. Yako sijamwambia mtu. Fiston hajui kwamba uliulizwa, wala Mwalimu Hezroni, wala Papa Zakayo. Ni la kwako kulisema au kukaa nalo. Najua uzito wake, mdogo wangu, usifikiri nauona mdogo. Fiston akifika huko, kocha yeyote mwenye macho atamwanzisha yeye na wewe utakaa benchi mwaka mzima, huenda na zaidi. Utakuwa umejikalisha mwenyewe, ugenini, bila mtu wa kwenu wa kumlalamikia. Na huenda hata ukisema asifike. Kumtoa mtu kambini mpaka Dar si sawa na kumtoa Jumamosi moja kuja Kasulu, wanaweza kukataa. Lakini kukataa huko ni kazi ya wenye ofisi. Mimi na wewe tulikataa kabla yao.

Siwezi kukuambia kwamba ukisema utajisikia mwepesi. Mimi nimesema tangu jana na usiku wa kuamkia leo sikulala. Bukuru bado hajaongea nami, na kwaya ya Papa Zakayo imepoteza miezi miwili ya sauti ya mtu. Kitu kimoja tu kimebadilika. Leo kanisani Mwalimu Hezroni aliponitazama, sikutafuta vidole vya miguu.

Na usidhani nakwambia kwamba hustahili kwenda. Una miaka kumi na saba, na mambo ya ile safu yangu ya pili yanafundishika. Muone mwenzako anafanya nini mpira usipokuwa kwake, utajifunza haraka kuliko wote. Nataka tu siku kocha atakapotaja jina lako uinuke ukijua kwamba aliwaona wote aliopaswa kuwaona.

Nakusikia umerudi, unataniana na mama mwenye nyumba hapo nje. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niisokomeze chini kabisa ya begi, uikute ukiwa Singida au Dodoma, mahali ambapo huwezi kuniuliza neno. Nimeiandika yote nikiwa na mpango huo. Sasa naona huko nako ni kunyamaza tu.

Nakuja kukupa mkononi. Nitakaa pale pale ulipo mpaka umalize kusoma, hata ukikasirika, na chochote utakachouliza nitakujibu kwa mdomo.

Dada yako,
Skolastika